Pittsburgh Hulea, New York Huvuna

Mwaka 2011 klabu ya besiboli ya Pittsburgh Pirates ilimchagua kijana Gerrit Cole, mrushaji (anayemtupia mpigaji mpira), akiwa wa kwanza kabisa katika uteuzi wa chipukizi. Ikamlea hadi akawa nyota. Januari 2018 ikampeleka Houston, ikapewa wachezaji wanne. Desemba 2019 Cole akasaini na New York Yankees: miaka 9, dola milioni 324. Nikiulizwa tofauti ya fedha kati ya timu za miji mikubwa na midogo katika besiboli ya Marekani, huanza na safari hiyo.

Nimezoea kuchambua hesabu za klabu, na wengi ninaozungumza nao hudhani pengo linatokana na tiketi. Hapana, ni televisheni. Fedha za matangazo ya taifa zima hugawanywa sawa kwa timu zote 30. Lakini kila timu hucheza mechi 162 kwa msimu, na nyingi huonyeshwa na vituo vya eneo lake; hizo kila klabu hujiuzia yenyewe. Mwaka 2013 Dodgers wa Los Angeles walipata mkataba wa miaka 25 wa dola bilioni 8.35. Ni wastani wa zaidi ya milioni 330 kwa mwaka, kabla shabiki hata mmoja hajakata tiketi. Pittsburgh haina kaya za kutosha kuuza kitu kama hicho, hata ikishinda kila siku.

Ukomo wa mishahara haupo. Ipo tozo kwa anayevuka kiwango, ambacho mwaka 2025 kilikuwa dola milioni 241. Dodgers huilipa na kuendelea kusajili. Upo pia mfuko wa pamoja, ambako kila timu huweka asilimia 48 ya mapato yake ya ndani, kisha wote hugawana sawa.

Kinachoziokoa timu ndogo ni muda. Mchezaji hawi huru kwenda atakako mpaka atimize miaka 6 katika ligi kuu, na ile ya mwanzo hulipwa kidogo sana. Milwaukee huishi kwa hesabu hiyo: mwaka 2025 ilishinda mechi 97, kuliko timu yoyote, kisha Dodgers wakaitoa 4–0 katika nusu fainali.

Linaloniuma ni kwamba hakuna kushuka daraja wala kima cha chini cha mishahara kwa timu nzima. Mmiliki anaweza kupokea mgawo na asisajili mtu wa maana. Mashabiki wa Pittsburgh walivumilia misimu 20 mfululizo, 1993 hadi 2012, timu ikifungwa zaidi ya inavyoshinda. Ningeanzia hapo: anayechukua mgawo alazimishwe kulipa wachezaji.

Sasa wanaye Paul Skenes, aliyekuwa mrushaji bora mwaka 2025 katika ligi yake, moja ya mbili zinazounda ligi kuu. Miaka yake 6 itatimia baada ya msimu wa 2029.