Usimuulize mtu kama alikuwa jasiri

Kazi yangu ni kurekodi simulizi za watu, na kwa miaka kadhaa nimefuatilia za vita vya Kagera, kati ya Tanzania na Uganda ya Idi Amin, kwa pikipiki, barabara ya Bukoba hadi Mutukula na vijia vyake. Pikipiki si mbwembwe. Gari likiingia kijijini watu hudhani mradi umekuja, na mtu akishadhani kuna mradi atakueleza shida zake, kisa chake akiweke. Ukifika na vumbi jekundu hadi kwenye kope, unaletewa maji ya kunawa, na mazungumzo yameshaanza.

Mwanzoni nilikuwa nakosea swali. "Mzee, ulifanya jambo gani la ujasiri?" Jibu halikubadilika: mimi hapana, waulize wanajeshi. Baada ya hapo nasimuliwa mizinga ya Saba Saba na hotuba ya Mwalimu Nyerere ya Novemba 2, 1978, uwezo tunao, sababu tunayo, nia tunayo. Hayo hata mtoto wa shule anayajua. Siku hizi naulizia vitu tu: siku ile ulitoka nyumbani umebeba nini?

Bibi mmoja ng'ambo ya Kyaka, kaskazini mwa mto, alifikiri kidogo kisha akacheka. "Cherehani." Kichwa chake tu, meza aliiacha. Mtoto mgongoni, cherehani kichwani kwenye kata ya majani makavu ya mgomba, akanionyesha kwa mikono jinsi alivyoisokota. Katikati ya habari za cherehani akapitisha kwamba baadaye alirudi kumchukua mama mkwe, ambaye alikuwa hawezi kutembea. Alilisema upesi, kama anayetaja bei ya chumvi.

Hapo ndipo daraja linaponisaidia. Wazee wengi hawakumbuki tarehe, lakini daraja wanalikumbuka. Majeshi ya Amin yaliingia mwishoni mwa Oktoba, yakashika upande wa kaskazini wa Mto Kagera, na Novemba 3 Daraja la Kyaka, lililovuka mto huo, likalipuliwa. Kwa hiyo nauliza: mlivuka kwa miguu au kwa mtumbwi? Aliyepita darajani alitoka siku za mwanzo. Wa mtumbwi alichelewa, na Mto Kagera una mamba.

"Bibi, ulivuka kwa njia gani?"

"Mara ya kwanza darajani."

"Na ulipomfuata mama mkwe?"

"Mtumbwi, mjukuu wangu. Daraja lingekuwa wapi?"

Yaani alirudi upande wenye adui wakati daraja halipo tena. Ningeng'ang'ania neno ujasiri, nisingelipata hilo.

Kuhusu vifaa sina mengi. Kinasa sauti kidogo kinatosha, ila mvua ikianza kupiga bati, simamisha, sauti haitasafishika. Na usiondoke kabla mwenye kisa hajasikiliza alichosema na kukuruhusu kukitunza. Bibi alisikiliza hadi mwisho, sikio karibu ligusane na mashine, kisha akakunja uso.

"Mbona mbuzi hayumo?"

"Hukumtaja, bibi."

"Basi washa tena."