Kwa nini kuna mifupa ya dhahabu kwenye kaburi la Papa?

Picha za hija ya Roma zikishatua kwenye kundi la WhatsApp la jumuiya, hapa Moshi, ipo moja ambayo haipiti bila maneno. Ndani ya Basilika la Mtakatifu Petro, chini ya sanamu ya Papa anayesali, kuna kiunzi cha mifupa ya mtu kinachong'aa dhahabu, kimeinua saa ya mchanga. Mama mmoja atauliza kama hayo si mambo ya kishirikina, mwingine atajibu, "Tumsubiri Baba Paroko."

Hilo ni kaburi la Papa Alexander VII, aliyefariki 1667. Alilibuni mchongaji Mwitaliano, Gian Lorenzo Bernini, likakamilika 1678, Bernini mwenyewe akikaribia miaka 80. Mahali alipopewa palikuwa na kikwazo: ukutani kuna mlango. Fundi mwingine angenung'unika. Bernini akaugeuza kuwa mlango wa mauti, na juu yake akakichomoza Kifo kutoka chini ya shuka kubwa jekundu. Shuka lile ni jiwe tupu la Sicilia, limechongwa na kusuguliwa hadi mikunjo yake inaning'inia kama blanketi zito. Pindo limefunika fuvu, hata Kifo hakimwoni kinayemfuata. Mifupa yenyewe ni shaba iliyopakwa dhahabu.

Papa hashtuki. Amepiga magoti, kichwa wazi, anaendelea na sala zake. Wanaomzunguka ni fadhila nne kwa sura ya wanawake: Upendo, Ukweli, Busara na Haki. Ukweli alichongwa uchi, Papa Innocent XI akaagiza asitiriwe. Vazi lake ni la shaba, likapakwa rangi nyeupe lifanane na marumaru.

Sasa mifupa ya nini? Ujumbe wake tunausikia kila Jumatano ya Majivu tukipakwa kwenye paji la uso: u mavumbi wewe, na mavumbini utarudi. Ulaya ya karne ya 17 ilipenda kuuchonga, tena bila kumwonea haya mkubwa. Alexander mwenyewe, mara tu alipochaguliwa 1655, alimwagiza Bernini amchongee fuvu la marumaru. Fuvu hilo sasa liko Dresden, Ujerumani.

Na kwa nini azikwe ndani ya kanisa? Kwetu Uchagani mtu hulala kihambani, yaani kwenye shamba la ukoo, kaburi lina vigae, migomba pembeni, na Desemba wajukuu wanalikuta pale pale. Wakristo wa kale wa Roma walitaka kulala karibu na mashahidi, waliouawa kwa ajili ya imani. Altare kuu ya basilika iko juu ya mahali panapoheshimiwa kuwa kaburi la Petro, na mapapa wengi wakataka kuwa jirani zake, Misa isomwe karibu nao na wapitao wawaombee. Leo kanuni ya 1242 ya Sheria za Kanisa za 1983 inawaruhusu kuzikwa kanisani Papa, makardinali na maaskofu wa majimbo tu, tena hao wengine katika kanisa lao wenyewe. Mfadhili aliyelipia mabati yote hayumo.

Ruhusa hiyo haidai mbwembwe. Papa Fransisko, Aprili 2025, alizikwa ardhini katika Basilika la Santa Maria Maggiore, bila sanamu, na jiwe lina neno moja: Franciscus.

Ukijaliwa kwenda hija, kaburi la Alexander liko upande wa kushoto ukielekea mbele. Anza kutazama chini, mlangoni, ndipo upandishe macho kwa Papa.