Wahindi na Wapakistani wa Uingereza: Yanayosemwa na Yaliyo Kweli

Sensa ya 2021 ya England na Wales ilihesabu watu milioni 1.86 waliojiandikisha kuwa Wahindi na milioni 1.59 waliojiandikisha kuwa Wapakistani. Wazee wa jamii zote mbili walitoka Bara Hindi, wengi waliingia Uingereza katika miongo ileile baada ya Vita Kuu ya Pili, na Wapunjabi wamo pande zote mbili. Hata hivyo hali zao za leo zimeachana mbali. Takwimu za serikali za 2018 zinaonyesha hivi: ukiwapanga waajiriwa wa kila jamii kwa mstari kuanzia mwenye mshahara mdogo hadi mkubwa, Mhindi aliyesimama katikati alilipwa pauni 13.47 kwa saa, Mwingereza mweupe pauni 12.03, na Mpakistani pauni 10.00.

Kwetu Afrika Mashariki, ambako neno Mhindi humbeba Mbaniani, Bohora, Mwismailia, Kalasinga na hata aliyetoka Lahore, pengo hilo hupewa maelezo mepesi mno. Mengi kati ya hayo si kweli.

Dhana: Wahindi wana biashara kwenye damu, Wapakistani hawana

Wahindi wengi waliofika Uingereza miaka ya 1950 hawakuwa wafanyabiashara hata kidogo. Kundi kubwa lilikuwa la Masingasinga wakulima kutoka wilaya ya Jalandhar, Punjab, walioingia viwanda vya kusubu chuma vya Smethwick, karibu na Birmingham, na karakana za Southall, magharibi mwa London. Kundi la pili lilikuwa la madaktari walioitwa kuziba nafasi katika hospitali za umma. La tatu lilifika baadaye, kutoka kwetu: Nairobi, Kampala, Dar es Salaam, Mombasa. Sheria ya 1962 iliyoanza kuwabana wahamiaji wa Jumuiya ya Madola iligawa vibali vya kazi mafungu matatu: A kwa aliyekwisha kupata mwajiri, B kwa mwenye taaluma, C kwa asiye na ujuzi maalumu. Fungu C lilifutwa 1965. Tangu hapo daktari na mhandisi waliendelea kuingia, mkulima akafungiwa mlango, isipokuwa awe anamfuata mume au mzazi.

Wapakistani wa Uingereza, kwa sehemu kubwa sana, wametoka pembe moja ya nchi yao: Mirpur, katika upande wa Kashmir ulio chini ya Pakistani. Ni wilaya ya milima na mashamba madogo, na wanaume wake walikuwa wakichochea makaa kwenye meli za mvuke tangu enzi za ukoloni. Kisha likaja Bwawa la Mangla kwenye mto Jhelum, lililokamilika 1967. Lilizamisha mji wa zamani wa Mirpur pamoja na vijiji vingi, na watu wapatao 100,000 wakapoteza makazi. Waliokuwa na ndugu Uingereza walimfuata ndugu.

Walifuata kazi gani? Hapa ndipo penye kiini cha jambo. Viwanda vya sufu vya Bradford na vya pamba vya Oldham na Rochdale, miji ya kaskazini mwa England, vilikuwa vimenunua mashine mpya za bei ghali, ambazo zilipaswa kuzunguka usiku na mchana ili zirudishe fedha zake. Sheria ilizuia wanawake kufanya kazi usiku viwandani, na wanaume wa Kiingereza hawakuitaka zamu hiyo kwa ujira ule. Zamu ya usiku ikawa ya Wapakistani, mara nyingi watu wa kijiji kimoja chini ya msimamizi wanayezungumza naye lugha moja. Mtu aliweza kufanya kazi miaka 15 bila kuhitaji Kiingereza cha zaidi ya salamu.

Mwishoni mwa miaka ya 1970 na katika miaka ya 1980 viwanda hivyo vilifungwa, kimoja baada ya kingine. Mji mzima ulipoteza kazi ya aina moja kwa wakati mmoja. Mfumaji wa miaka 45 asiye na cheti wala Kiingereza hakuwa na pa kwenda ila kwenye teksi, mgahawa au foleni ya msaada wa serikali. Smethwick nayo iliumia, lakini Wahindi walikuwa wametawanyika katika kazi na miji mingi zaidi, na wengi walikuwa London au karibu nayo, ambako kazi mpya za ofisi na huduma zilikuwa zikiongezeka.

Nyumba zinalionyesha hilo vizuri. Kati ya 2016 na 2018, familia 74 kati ya 100 za Kihindi nchini England zilimiliki nyumba wanazoishi, za Kipakistani 58, za Waingereza weupe 68. Hiyo 58 si ndogo. Jamii nyingine nyingi ziko chini yake sana. Tatizo ni mahali. Nyumba ya safu iliyonunuliwa kwa bei ndogo kando ya kiwanda cha Bradford ilipanda thamani polepole. Nyumba ya Harrow au Wembley, huko London, ilipanda mara nyingi zaidi, na mwenye nayo aliweza kuiweka dhamana, akakopa mtaji au akamlipia mtoto chuo. Mtu wa Bradford hata akitaka kuihama kazi mbovu, bei ya nyumba yake haimfikishi London.

Dhana: Waliofukuzwa Uganda walifika na utajiri wao

Idi Amin alitangaza amri yake ya kuwafukuza Wahindi Agosti 1972 akatoa siku 90. Wapatao 28,000 walipokewa Uingereza, wengi kupitia kambi za muda, baada ya kuacha maduka, viwanda, nyumba na akaunti. Kiasi cha fedha walichoruhusiwa kutoka nacho kilikuwa kidogo mno. Jiji la Leicester lilichapisha tangazo katika gazeti la Uganda Argus, Septemba mwaka huo, likiwasihi wasiende huko kwa kuwa nyumba na shule zimejaa. Walikwenda. Leo zaidi ya theluthi ya wakazi wa Leicester wanajiandika Wahindi.

Wa Kenya walianza kutoka mapema zaidi. Baada ya uhuru walipewa miaka miwili kuchukua uraia. Wengi walibaki na pasi za Uingereza, na sheria ya leseni za biashara ya 1967 ikawabana. London ilijibu kwa sheria ya Machi 1968, iliyopitishwa bungeni kwa siku chache tu, ikaweka kikomo cha vibali 1,500 vya wakuu wa familia kwa mwaka. Tanzania ilitaifisha majengo ya kupangisha yenye thamani ya zaidi ya shilingi 100,000 mwaka 1971, na wenye majengo wengi wao walikuwa Wahindi.

Kwa hiyo walianzia chini. Mei 1974 wafanyakazi wa kiwanda cha Imperial Typewriters, Leicester, wengi wao wakitokea Afrika Mashariki, waligoma wakilalamika kuhusu marupurupu na kubaguliwa. Kiwanda kilifungwa mwaka uliofuata. Agosti 1976 Jayaben Desai, aliyewahi kuishi Tanganyika, aliongoza mgomo wa Grunwick, kiwanda cha kusafisha picha kilichoko kaskazini magharibi mwa London. Mgomo huo ulidumu karibu miaka miwili na ukashindwa. Watu wenye utajiri hawasimami barabarani miaka miwili wakidai heshima kazini.

Walichokuja nacho hakikuweza kuzuiwa uwanja wa ndege wa Entebbe. Walikuwa wamesoma shule za Kiingereza, walijua kuandika hesabu za duka, walikuwa watu wa mjini tayari, na walifika familia nzima kwa pamoja: baba, mama, bibi, watoto wa shule. Hilo la mwisho ndilo husahaulika zaidi. Familia iliyofika pamoja ilikuwa na mishahara miwili tangu mwaka wa kwanza, na bibi wa kulea watoto. Mwanamume wa Mirpur alikuja peke yake na kutuma fedha nyumbani. Mkewe na watoto wengi wao walifuata miaka ya 1970, pale kazi zilipoanza kukatika.

Wapo pia wanaodhani watu hawa ni wajukuu wa vibarua wa reli ya Mombasa. Vibarua wapatao 32,000 waliletwa kati ya 1896 na 1901, wengi kutoka Punjab kupitia Karachi, na waliobaki ni 6,700 hivi tu. Wengi wa Wahindi wa Afrika Mashariki walikuja baadaye kwa nauli zao, wakiwa makarani, mafundi na wenye maduka. Yaani wale wa Kampala na Nairobi walikuwa wamekwisha kuhama mara moja na kujifunza kuhama kabla ya kufika Heathrow.

Dhana: Chanzo ni dini

Ingekuwa dini, Mwislamu angebaki nyuma kila alipo. Waismailia wa Uganda ni Waislamu. Maelfu walipokewa Kanada mwaka uleule wa 1972 na wamefanikiwa sana. Wapakistani wa Marekani nao ni Waislamu, na kipato cha familia yao ya katikati kiko juu ya kile cha Marekani kwa jumla, kwa sababu sheria ya uhamiaji ya 1965 iliwachagua madaktari na wahandisi. Karachi na Lahore zilipeleka madaktari wao Chicago na Houston; Mirpur ikapeleka wakulima wake Bradford. Nchi moja, dini moja, matokeo mawili.

Dini ina mahali inapogusa, na ni kwenye meza ya mwajiri. Watafiti wa Nuffield College, Oxford, walituma maombi ya kazi ya kubuni yapatayo 3,200 mwaka 2016 na 2017, yenye sifa zilezile na majina tofauti. Mwenye jina la jamii ya wachache alihitaji kutuma maombi asilimia 60 zaidi ili aitwe sawa na Mwingereza mweupe. Mwenye jina la Kipakistani asilimia 70 zaidi.

Kuhusu wanawake, pengo ni la kweli: Wahindi walio kazini ni karibu 7 kati ya 10, Wapakistani mwaka 2018 hawakufika nusu. Lakini usiwahesabu mama na binti kwa kapu moja. Mama aliyeolewa kutoka kijijini na mji wake hauna kazi tena ni jambo moja. Binti aliyezaliwa Birmingham na kupata digrii hufanya kazi kwa kiwango cha juu zaidi sana kuliko mama yake.

Dhana: Wapakistani hawajali shule

Wanafunzi wa Kipakistani wa England leo wako takriban sawa na wastani wa taifa katika mitihani ya miaka 16, na wanaingia vyuo vikuu kwa kiwango cha juu kuliko Waingereza weupe. Wahindi wako juu zaidi, ndiyo. Kinachowakwamisha Wapakistani huja baadaye: wengi husoma chuo cha jirani wakilala nyumbani ili kuokoa fedha, kisha wanatafuta kazi katika mji uleule wenye kazi chache.

Dhana: Ukilinganisha mishahara umemaliza

Makosa mengi hutokea hapa. Zile pauni 13.47 na 10.00 ni za waajiriwa tu. Dereva wa teksi aliyejiajiri hayumo, na Wapakistani wengi wanafanya kazi hiyo. Angalia kwanza umri: Wapakistani ni vijana zaidi, na kijana wa miaka 24 hulipwa chini ya mtu wa 45 katika kila jamii. Kisha mkoa, kwa sababu London hulipa zaidi ya Bradford kwa kazi ileile. Kisha mahali pa kuzaliwa: Wahindi wengi waliohesabiwa leo waliingia baada ya 2000 wakiwa na digrii za kompyuta au udaktari, kwa viza zilizowachuja, na hao hupandisha wastani wa jamii nzima bila mjukuu wa Smethwick kupanda hata ngazi moja. Upande wa pili, vijana wengi wa Kipakistani walioa au kuolewa kutoka Mirpur, na kila ndoa ya namna hiyo huleta mtu anayeanza na lugha upya.

Mwisho tazama idadi ya midomo. Wapima umaskini humpa mtu mzima wa kwanza uzito wa 1, kila mwingine mwenye miaka 14 na zaidi 0.5, na mtoto mdogo 0.3. Chukua mfano wa pauni 36,000 kwa mwaka. Wazazi wawili na mtoto mmoja mdogo ni 1.8, kwa hiyo ni sawa na pauni 20,000. Wazazi wawili na watoto wadogo wanne ni 2.7, na zilezile 36,000 zinashuka hadi 13,333. Ongeza babu na bibi, uzito unafika 3.7 na fedha inashuka chini ya 10,000. Hakuna aliyepunguziwa mshahara hapo. Mstari wa umaskini wa Uingereza ni asilimia 60 ya kipato cha katikati, na familia kubwa huvuka mstari huo ikiwa na mshahara uleule unaomwacha jirani salama.

Dhana: Hizi ni jamii mbili zenye mpaka wa wazi

Mpaka uliochorwa 1947 ulipita katikati ya Punjab, na visanduku vya sensa viliufuata. Babu yake Rishi Sunak alitoka Gujranwala, mji ulioko Pakistani leo, akahamia Nairobi mwaka 1935. Baba yake Sunak alizaliwa Kenya, mama yake Tanganyika, na mwenyewe huhesabiwa Mhindi. Humza Yousaf ana baba aliyetoka Punjab ya Pakistani na mama aliyezaliwa Kenya, na huhesabiwa Mpakistani. Kati ya Machi 2023 na Mei 2024, Sunak alikuwa waziri mkuu wa Uingereza na Yousaf alikuwa kiongozi wa serikali ya Scotland.