Je, wajua kwa nini paipu ya siti ya titani hulainisha safari ya baiskeli ya mlimani?

Aliyekaa saa tatu juu ya baiskeli ya mlimani, kwenye njia ya mawe na mizizi, anajua maumivu yanapoanzia: kiunoni, kisha yanateremka. Baiskeli nyingi za aina hii zina shokapu mbele tu. Nyuma hakuna kitu cha kumeza kishindo. Gurudumu likigonga jiwe, pigo hupanda kwenye fremu, likaingia kwenye paipu inayobeba siti, likamfikia mpandaji. Basi wapo wanaong'oa paipu hiyo ya alumini na kuweka ya titani, nyembamba, yenye uzito wa gramu 200 na ushei, na wengi wao husema mtetemo umepungua hata mgongo unashukuru. Paipu tupu, isiyo na springi wala mpira, inafanyaje kazi hiyo?

Jibu linalotolewa haraka ni kwamba titani ni laini. Si kweli, na hapo ndipo jambo hili linapopendeza. Wahandisi hupima ukaidi wa metali dhidi ya kupinda kwa gigapaskali: feleji ina takriban 200, titani 110 hivi, alumini 70. Kumbe alumini ndiyo inayopinda kwa urahisi kuliko zote tatu! Kwa hesabu hiyo paipu ya alumini ndiyo ingepaswa kumbembeleza mpandaji.

Tofauti iko kwenye kuchoka. Metali huchoka kama mtu. Ukikunja waya na kuunyoosha mara nyingi hukatika, ingawa hakuna kunjo hata moja lililokuwa na nguvu ya kuukata. Alumini haina kiwango salama cha kupindapinda: hata mpindo mdogo, ukirudiwa mara mamilioni, mwishowe huzaa ufa. Paipu ya siti ikikatika katikati ya mteremko, aliyekalia siti anaweza kuumia vibaya sana. Kwa hiyo watengenezaji huifanya paipu ya alumini kuwa nene ili isipinde sana. Aloi ya titani iliyochanganywa na alumini na vanadi huvumilia mipindo midogo kwa miaka mingi, nayo ni nyepesi karibu nusu ya feleji. Aloi hiyo ilizoeleka kwanza kwenye mabomba ya haidroliki ya ndege, ambako mtetemo haukomi. Fundi anaweza kuichonga ikawa nyembamba, akaiacha ipinde na kurudi, bila hofu.

Nayo hupinda kwa sababu imelala. Paipu ya siti haisimami wima. Huinama nyuma, kwa kawaida nyuzi 73 hivi kutoka ardhini. Uzito wa mpandaji unashuka wima, paipu imeinama, basi kila kishindo huivuta nyuma na chini kidogo, kisha inarudi. Ni mwendo wa milimita chache tu, lakini mgongo unauhisi.

Mbona basi wengine hulipa fedha nyingi wasione tofauti? Mara nyingi kosa ni la vipimo. Paipu yenye kipenyo cha milimita 27.2 hupinda karibu mara moja na nusu zaidi ya ile ya milimita 31.6 yenye unene uleule wa ukuta. Urefu unaochomoza juu ya fremu una nguvu kubwa zaidi: ukitoka sentimita 15 hadi 20, mpindo huongezeka zaidi ya maradufu. Mtu mfupi mwenye fremu kubwa, siti ikiwa imekaribia fremu, atanunua titani na kupata uzuri wa kuangalia tu. Ningemshauri apunguze upepo wa tairi la nyuma kwanza. Mwenye fremu ya tundu pana anaweza kutia bushi na kutumia paipu ya 27.2, na hapo ataisikia tofauti.

Malalamiko nayo yapo, na ni ya haki. Wapandaji wazito husema siti inacheza wakikanyaga pedeli kwa nguvu. Wengine hukuta paipu inateleza na kushuka polepole, au inalia kila wanapokanyaga. Mlio mara nyingi hutoka kwenye kishikio cha siti, ambako bolti zinataka kusafishwa, kupakwa grisi na kukazwa kwa kipimo. Titani ikikutana na fremu ya titani, au bolti ya titani na nati yake, metali hizo hung'ang'aniana. Dawa ni kupaka pesti ya kuzuia kukwama. Kwenye fremu ya alumini, jasho na chumvi huila fremu wakati paipu inabaki salama, kwa hiyo ichomoe mara kwa mara uisafishe.

Bei isikudanganye kwamba madini yake ni adimu. Mchanga wa Kwale, pwani ya Kenya, ulichimbwa ilmenaiti na rutaili, yaani madini yenye titani, hadi mwisho wa 2024, lakini sehemu kubwa ya madini hayo duniani huishia kuwa rangi nyeupe ya kupaka kuta. Gharama iko kwenye kuyageuza kuwa metali. Titani ikiwa moto hunyonya oksijeni na naitrojeni, ikawa kavu na yenye kukatika, kwa hiyo husafishwa kwa magnesi ndani ya gesi ya agoni, na hata mchomeleaji hulazimika kuikinga na hewa kwa gesi hiyohiyo.

Siku hizi wapenda miteremko mikali wamehamia paipu zinazoshuka kwa kubonyeza kitufe, ambazo mara nyingi huzidi gramu 500 na hazipindi. Titani imebaki kwa wapandaji wa masafa marefu, wanaokaa kitini kutwa nzima.