Mshubiri wa Milimani: Anza na Mbegu, Weka Jembe Chini

Shubiri kwa wengi wetu ni uchungu wa utotoni, utomvu uliopakwa kwenye titi ili mtoto aache ziwa. Lakini swali linaloletwa zaidi kwenye bustani yetu ya mimea halihusu dawa. Linahusu mshubiri mmoja wa Lesotho, Aloe polyphylla, ambao Wasotho huuita kharetsa. Majani yake hujipanga kwa safu tano zinazojizungusha kama maji yanayoingia shimoni. Picha yake ikisambaa kwenye simu, wiki hiyo lazima tupate wageni wa kuuliza bei.

Kwao ni milima ya Lesotho, kwenye mwinuko wa meta 2,000 hadi 2,500, katika miteremko ya mawe ya basalti. Majira ya joto hunyeshewa, majira ya baridi hufunikwa na theluji. Mizizi yake imezoea maji yanayopita bila kutuama, na ubaridi. Sheria ya Lesotho inaulinda tangu 1938, lakini bado unang'olewa na kuuzwa. Mnunuzi huupeleka nyumbani, anaona majani yamenona, anafurahi. Majani yale yana akiba ya maji, kwa hiyo mmea unaweza kukaa miezi ukionekana mzima ilhali chini mizizi imekwisha kuoza. Kwa uzoefu wangu, anayenunua mmea wa kung'olewa amenunua maiti.

Hasara haiishii hapo. Kharetsa hautoi machipukizi pembeni kwa urahisi kama mishubiri mingine tunayoijua, na ili uzae mbegu unahitaji chavua ya mmea mwingine. Mpelekaji wa chavua ni chozi, ndege mdogo mwenye mdomo uliopinda. Ukiung'oa mmoja, wa jirani unabaki bila mchumba.

Kwa hiyo anza na mbegu. Usizifukie. Chukua chombo cha plastiki chenye mfuniko, tia maji safi, kisha zinyunyize juu zielee. Kiweke penye mwanga lakini jua lisikipige, na ubadilishe maji yakianza kuchafuka. Baada ya wiki moja hadi tatu utaona uzi mweupe ukishuka majini: huo ndio mzizi. Ukifika urefu wa sentimeta moja hivi, inua mche kwa kijiko (vidole huvunja) uupande kwenye changarawe laini iliyochanganywa na mboji kidogo. Wengi huharibu hatua hii kwa huruma, wakijaza samadi.

Unayeagiza kwa intaneti, jua kwamba CITES, mkataba wa kimataifa unaosimamia biashara ya mimea na wanyama wa porini, umeuweka mshubiri huu katika Kiambatisho cha Kwanza, chenye masharti makali kuliko vyote. Karibu jamaa zake wote wako cha Pili, na Aloe vera peke yake ndio ulioachwa huru. Mdai muuzaji hati. Kama huna uhakika, chungulia mizizi: mmea wa mlimani huwa na mizizi minene iliyokatwa, majani yenye makovu na umbo lililoegemea upande mmoja. Miche ya kitalu hufanana kama ndugu.

Usiitunze mishubiri yote kwa kalenda moja. Aloidendron pillansii, mshubiri mkubwa kama mti wa Richtersveld, kaskazini-magharibi mwa Afrika Kusini, jitu lililo hatarini kutoweka, linatoka kwenye jangwa linalopata mvua ya majira ya baridi. Ukilimwagilia wakati wa joto kama kharetsa, litaoza. Ukiona manundu yasiyo na umbo yakivimba kwenye majani au shina la mshubiri wowote, huo ni utitiri, mdogo kiasi kwamba jicho halimwoni. Kata sehemu hiyo mpaka kwenye nyama safi, ichome moto, usiitupe kwenye shimo la mboji, na usafishe kisu kabla hujagusa mmea mwingine.

Wengine hurudi mwaka wa pili wakilalamika kwamba wameuziwa mmea bandia kwa sababu haujajizungusha. Mche wa kharetsa hukua na majani ya kawaida kwa miaka kadhaa kabla ya kuanza kujipinda, na hakuna ajuaye mapema kama utaelekea kulia au kushoto. Mlimani wapo wa namna zote mbili. Pale kitaluni, siku unapojipinda ndipo tunapochukua penseli na kuandika kwenye kibao cha chungu: kulia, au kushoto.