"I was help" sio nilisaidia: tunapokosea kwenye vitenzi vya kingereza

Juzi jioni hapa Mwanga, Kigoma, dogo mmoja wa form two kaniletea daftari nimwelekeze kingereza, sentensi ya kwanza tu kaandika "Yesterday I was help my mother to cook migebuka", mwalimu kapiga mkasi mwekundu hajasema kosa liko wapi. Dogo ananiuliza, kaka, si "was" ndo ya jana? Nikasema hii lazima niiandike, maana hiyo "was" nimeiona kwa wanafunzi na nimeiona kwa watu wazima wenye kazi zao, na wala sio uzembe, ina chanzo chake.

Chanzo ni kiswahili chetu. Sisi muda tunauweka mbele, nilisaidia, ninasaidia, nitasaidia, hiyo li, na, ta inakaa kabla ya "saidia". Sasa ukiingia kwenye kingereza kichwa kinatafuta kitu cha kukaa mbele ya "help" kibebe jana, kinakutana na "was", kinabandika. Ukweli ni kwamba kitenzi cha kawaida cha kingereza kinabeba jana mkiani: "I helped my mother", imeisha. "Was" inakuja ukitaka kusema nilikuwa nasaidia, na hapo kitenzi kinavaa ing, "I was helping". Na kuna wanaoshtuka wakaongeza ed huku "was" wameiacha, wanaandika "I was helped", hapo ndo umeharibu kabisa kwa sababu umesema ulisaidiwa!

Wengi wanaogopa wakidhani maumbo ni mengi. Ni manne tu jamani: help, helps, helped, helping. Mtu anayesema "wasingenisaidia" bila hata kufikiri, na humo ndani kuna wao, kuna kukanusha, kuna sharti na kuna mimi, hawezi kushindwa na maumbo manne. Na ukisema ya kesho kitenzi hakiguswi kabisa, unaweka "will" tu, "will help", kwa hiyo "will helped" haipo.

Kingine ni hiyo s. Watu wanajua s ni ya wingi, book ikawa books, basi wanaandika "my sisters helps me". Kwenye kitenzi mambo yamegeuka, s ni ya mtu mmoja anayesemwa, "my sister helps me", wakiwa wengi inatoka, na ni kwa wakati uliopo tu. Ukienda wakati uliopita hakuna ubaguzi, I helped, she helped, they helped.

"I did not helped" nayo ipo kila daftari. Angalia kiswahili, ukisema sikusaidia, ile "ku" imeshabeba jana na ukanushi, huongezi tena "li". Na "did" ni hivyo hivyo, ikishatokea jana imeshabebwa, kitenzi kinarudi kitupu: "I did not help", "Did you help her?"

Ila inayoniuma zaidi ni ya kutamka, kwa sababu tumefundishana vibaya wenyewe kwa wenyewe. Tunasoma ed kama ilivyoandikwa, "helped" inakuwa helpedi, "looked" inakuwa lukedi. Weka vidole kooni. Tamka p, k, s, sh, ch, f, koo halitetemeki, basi ed inasikika t: helped ni helpt, looked ni lukt, washed ni wosht. Koo likitetemeka, kama kwenye l, n, v, z au irabu, inasikika d tu: played ni pleid, cleaned ni klind. Id inasikika kitenzi kikiishia na sauti ya t au d tu, wanted, needed, maana hizo haziwezi kubanana bila irabu katikati. Nimemfanyisha dogo hivyo na vidole vyake kooni, dakika kumi hazikufika kashaanza kusikia tofauti mwenyewe.

Halafu kuna "have". Tunajua ni ile me yetu, na mara nyingi ni kweli, nimefika, "I have arrived". Lakini sisi tunasema "nimefika jana" na hakuna anayeshangaa, kingereza hakikubali, ukishataja siku au mwaka uliopita have inatoka. Pale Ujiji kwenye mnara nimewahi kumsikia kijana anamwambia mgeni "Stanley has arrived here in 1871". Ni "arrived here in 1871", mwaka umeshatajwa. Hata lile swali maarufu la Stanley alipokutana na Livingstone hapo Ujiji, "Dr. Livingstone, I presume?", liko wakati uliopo kwa sababu alikuwa anadhani palepale, ukilisimulia leo unasema "Stanley presumed", na inasikika d.

Baadaye hao wawili waliondoka pamoja mpaka Kwihara, Tabora: they travelled, they stayed. Stayed inabaki na y kwa vile kuna irabu kabla yake, ingekuwa carry ni carried. Travelled kwa Waingereza ina l mbili, Marekani wanaandika moja, zote sahihi, ila "visitted" ya t mbili hakuna anayeikubali, mkazo uko mwanzoni, vi, sio kama prefer ambayo mkazo uko mwisho ndo ikawa preferred.

Na usiamini kwamba ukijua ed umemaliza, vitenzi vinavyotumika kila saa kama go, come, see, take, say havifuati huo utaratibu, hivyo ni vya kukariri. Ila vinavyozaliwa leo karibu vyote vinafuata, google ikawa googled, text ikawa texted, na hiyo ya mwisho inasikika id.