Kitambaa cha Kijani Hakihitaji Kuwaka

Karibu kila mteja anayeniletea video nimtolee kijani, yaani nifute kitambaa cha kijani kilicho nyuma ya msemaji ili niweke mandhari nyingine, ananiambia: "Usijali, kitambaa tumekipiga taa za kutosha." Nikifungua faili nakuta kijani kimekaribia weupe, na mabega ya msemaji yamezungukwa na utepe wa kijani.

Dhana hii kwamba kitambaa kikiwaka zaidi ndivyo kinavyotoka vizuri imeniharibia kazi nyingi kuliko kamera duni. Programu inapima kijani kimezidi nyekundu na bluu kwa kiasi gani. Ukizidisha taa, kijani kinafika kikomo chake huku nyekundu na bluu zikiendelea kupanda, na ile tofauti tunayoitegemea inapungua. Tena kitambaa chenyewe kinageuka taa, kinamrudishia mtu kijani kwenye nywele, shingo na miwani.

Kinachotakiwa ni mwanga ulio sawa kona hadi kona. Mimi nakipa kitambaa mwanga wa kiwango cha uso wa msemaji, au chini yake kwa hadi stopu moja, yaani nusu ya mwanga huo. Taa mbili za kitambaa, moja kila upande. Msemaji awe na zake. Kisha msogezeni mbele ya kitambaa mita 2, ikiwezekana 3. Chumba ni kidogo? Mpigeni kuanzia kifuani kwenda juu. Nasisitiza umbali kuliko jambo jingine lolote, kwa sababu unapunguza kivuli na ule kijani wa mabegani kwa pamoja.

"Kamera yetu ni 4K." 4K inahesabu pikseli tu. Kamera nyingi, na simu pia, hurekodi 4:2:0: kila pikseli 4 zinagawana sampuli moja ya rangi, na rangi ndiyo ninayofanyia kazi. Kama yenu ina 4:2:2 (sampuli moja ya rangi kwa kila pikseli 2) ya biti 10 (ngazi nyingi zaidi za rangi), ichagueni hata faili zikiwa nzito.

"Lazima kiwe kijani." Hapana. Mgeni akija na kitenge cha kijani, tundikeni bluu. Kijani kinapendwa kwa kuwa vihisi vya kamera nyingi vina vipokezi vyake mara 2 ya vile vya nyekundu au bluu.

"Mikunjo utaiondoa kwenye kompyuta." Kila mkunjo una kivuli chake, ili nikitoe nalazimika kupanua wigo wa kijani ninachofuta, na hapo ndipo ncha za nywele zinapopotea. Pigeni pasi, kisha kivuteni kwa vibanio pande zote 4 kabla msemaji hajafika.